Solange, Mwaka Mvua Ilipochelewa

Jumatatu, 24 Aprili

Agathe amerudi nyumbani. Nilikuwa zizini nakamua, nikasikia gari, nikadhani ni daktari wa mifugo. Nilipotoka nikamkuta binti yangu amesimama uani na sanduku moja, tumbo limetangulia, uso umemnyauka kama malisho ya bondeni. Kutoka Lyon hadi huku kwetu Berry si mwendo wa mama mjamzito. Ameendesha mwenyewe.

"Umekuja kukaa?" nikamuuliza.

"Mpaka nijifungue. Kama huna nafasi niambie, Mama."

Nafasi ninayo. Tangu baba yake afariki, hapa tuko mimi na mbuzi. Sikumuuliza habari za Régis, mwanamume aliyekuwa akiishi naye, na yeye hakusema.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitasema, na nikisema nitaharibu.

Alhamisi, 27 Aprili

Hakuna mvua. Upepo wa mashariki kutwa nzima.

Jumapili, 30 Aprili

Tumegombana, na mimi ndiye niliyeanza, ingawa nilianza kwa wema.

Nilioka mkate wa viazi na jibini anaoupenda. Akala vizuri, nikafurahi. Akaniambia mtoto ni wa kike. Nikasema, "Basi tumepata Solange mwingine."

Bibi yangu alikuwa Solange. Shangazi yangu Solange. Mimi Solange. Agathe angekuwa Solange pia, ila baba yake alikataa, akasema nyumba haiwezi kuwa na wawili, ukiita mmoja aje na chumvi wanakuja wote mikono mitupu.

Agathe akaweka uma chini. "Huyu anaitwa Lise."

"Lise maana yake nini?"

"Sijui. Na ndiyo raha yake."

Nikamweleza kile baba yangu alichonieleza mimi. Alinikalisha juu ya ukuta wa kisima, akalikata jina langu kama mkate: nusu ya mbele ni jua, nusu ya nyuma ni malaika. Sol, ange. Miaka yote hii, nikiwa na huzuni, nalikata hivyo kichwani na napata nafuu.

"Jua na malaika ni hadithi ya kumlaza mtoto," akasema. "Solange ni msichana aliyechinjwa. Alikuwa akichunga kondoo zake, mwana wa mtawala akamtaka, akasema hapana, jamaa akamkata kichwa. Na nyinyi kila mwaka mnamzungusha mifupa mashambani ili awape mvua. Hata akiwa amekufa hamumwachi apumzike."

"Aliinuka akabeba kichwa chake akatembea hadi kanisani."

"Ndiyo, Mama. Pongezi zake. Na mimi mkaniita Agathe. Unajua Mtakatifu Agathe walimkata nini? Matiti. Nikimnyonyesha huyu nitakuwa namfikiria yeye."

"Baba yako ndiye aliyelichagua."

"Basi angeuliza kwanza."

Alikwenda kulala bila kuniaga. Nimeosha vyombo vyote, hata visivyo vichafu.

Jumatano, 3 Mei

Kisima cha juu kimeanza kutoa maji ya rangi. Simu yake inatetemeka mezani mara kwa mara. Anaigeuza kifudifudi na kuendelea kula.

Jumamosi, 6 Mei

Jirani yangu Marcelin amekuja kuniazima mashine ya kufunga majani. Majani yenyewe hakuna, ila anapenda kuazima. Ni mzee mkavu, hajaingia kanisani tangu alipobatizwa, na hata siku hiyo anasema alilia. Akamkuta Agathe kivulini.

"Mama yako bado anakusumbua na jina?"

"Umejuaje?"

"Amenisumbua mimi kwenye simu. Nimemwambia awaige mbuzi. Mbuzi waliozaliwa mwaka huu, kwa kanuni ya wafugaji, majina yao yote yanaanza na herufi U. Ursule, Utopie, Ulrika. Wanapewa, wananyonya, kesi imekwisha. Umewahi kusikia mbuzi amegombana na mama yake juu ya jina?"

Agathe akacheka. Ni mara ya kwanza tangu aje. Niliona wivu kidogo kwamba ni Marcelin aliyemchekesha.

Jumatano, 10 Mei

Leo ndiyo siku ya jina langu, sikukuu ya Mtakatifu Solange. Agathe ameniwekea kikombe cha kahawa karibu na kitanda na maua ya porini ndani ya glasi. Hatukutaja lolote.

Mchana amekuja Padri Kossi kupanga maandamano ya Jumatatu ya Pentekoste. Yuko nasi mwaka wa tatu, katokea Togo, na bado anavaa sweta mwezi wa Mei. Mimi ndiye ninayeshika utepe wa bendera ya Mtakatifu, kwa ajili ya jina. Mwaka huu watu watakuwa wengi. Ukame unawajaza watu imani. Nikamwomba anisaidie mbele ya Agathe.

"Baba, mwambie huyu. Solange ni jua na malaika, sivyo?"

Alisita. Nikajua nimekosea kuuliza.

"Kwa masikio ni hivyo, Mama Solange, na ni vizuri kusikia hivyo," akasema. "Lakini jina ni la Kilatini. Zamani liliitwa Sollemnia. Neno lenyewe ni la ibada: jambo linalofanywa kwa heshima, kwa wakati wake, linalorudi kila mwaka."

"Kama sikukuu," Agathe akasema.

"Kama sikukuu."

"Kwa hiyo hakuna jua?" nikauliza.

"Kwenye mzizi, hapana. Hakuna malaika pia. Samahani."

Agathe hakunicheka. Ningependa angecheka. Badala yake akamuuliza Padri jina lake yeye lina maana gani.

"Kossi? Nilizaliwa Jumapili. Basi. Kwetu kila aliyezaliwa Jumapili ni Kossi. Darasani tulikuwa sita."

"Hakuna aliyekatwa kitu?"

"Hakuna. Labda nywele."

Baada ya kuondoka kwake nilikwenda kugeuza jibini, nikazigeuza mara mbili bila kujua. Nina miaka sitini na minne, leo ndiyo naambiwa mimi si jua. Mimi ni kitu kinachorudi kila mwaka. Kama kodi.

Ijumaa, 12 Mei

Simu ya nyumbani imelia. Nikasema alo. Mtu alipumua tu, kisha akakata.

Jumatatu, 15 Mei

Imelia tena. Pumzi tu. Agathe akauliza nani, nikasema amekosea namba. Akaenda akafunga dirisha la jikoni, na joto lile.

Jumatano, 17 Mei

Wingu moja. Limepita.

Ijumaa, 19 Mei

Leo aliyepumua amezungumza. Ni Régis.

Ana sauti nzuri, nilikuwa nimesahau. Akaniita Mama Solange. Akauliza hali ya mbuzi, akakumbuka hata yule kilema. Akasema anamtafuta Agathe ili ajue tu kwamba yuko salama, wamekosana kama wanavyokosana watu, yeye hataki ugomvi. Halafu akasema, "Mimi nilimwambia tangu mwanzo, mtoto akiwa wa kike apewe jina lako. Ni jina la heshima. Yeye ndiye aliyekataa."

Sikuwa najua hilo. Nilikaa kwenye kiti.

"Yuko bustanini," nikamwambia. "Nimwite?"

"Hapana, usimsumbue. Nimefurahi kujua yuko kwako."

Ana adabu. Sijui kwa nini Agathe hamtaki. Watoto wa siku hizi mtu akikosea mara moja wanabeba sanduku. Sijamwambia kwamba amepiga. Nataka kwanza nipate wakati mzuri.

Jumamosi, 20 Mei

Simu ya nyumbani haijalia hata mara moja.

Jumanne, 23 Mei

Haijalia. Ya Agathe pia imenyamaza. Mbuzi wametoa maziwa kidogo sana, wanakula majani makavu ya akiba ambayo yalikuwa ya baridi ijayo. Agathe haketi. Anatoka jikoni kwenda lango, lango kwenda jikoni. Nikamwambia akae, atamzaa mtoto njiani. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote kutoka Lyon aliyepiga. Nikasema hapana.

Imeshatoka. Sijui kwa nini nilisema hapana.

Alhamisi, 25 Mei

Nimejaribu kumwambia asubuhi, akawa anatapika. Nimejaribu mchana, akawa amelala. Nimemtazama akiwa amelala. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kuna alama ya zamani iliyofifia, rangi ya chai. Ni alama ya vidole. Alipokuja joto lilikuwa bado halijaanza, alivaa mikono mirefu.

Nilihesabu vidole vile kwa macho na nikatoka nje. Nilitembea hadi mwisho wa malisho nikarudi. Nikatembea tena.

Ijumaa, 26 Mei

Nimemwambia.

Tulikuwa tunamenya viazi. Nikasema, "Régis alipiga simu Ijumaa iliyopita. Nikamwambia uko hapa."

Hakuacha kumenya. "Najua," akasema. "Alinitumia ujumbe siku ile ile. Aliandika: mama yako ni mtu mzuri kuliko wewe."

"Kwa nini hukunigombeza?"

"Ulikuwa na furaha siku ile, Mama. Uliimba ukikamua. Nikasema acha aimbe."

Nikamwambia kwamba Régis alinidanganya kwa jina langu. Akasema Régis humdanganya kila mtu kwa kile mtu huyo anachokipenda. Yeye Agathe alimnasa kwa kumsikiliza. "Mwaka mzima alinisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote. Halafu akaanza kunirudishia maneno yangu."

Nikataka kujua mengi, ila viazi vilikwisha.

Jumatatu ya Pentekoste, 29 Mei

Nitaandika kama ilivyotokea, kwa sababu naogopa kesho nitaanza kuipamba.

Asubuhi Agathe akasema niende kwenye maandamano. Sikutaka. Akasema watu wa mvua wananingoja na yeye atafunga mlango. Nikaenda. Vumbi lilikuwa mpaka magotini. Wanaume wakabeba masalia ya Mtakatifu, mimi nikashika utepe, tukatoka kijijini kuelekea mashamba ya ngano ambayo masuke yake hayafiki kiunoni. Watu wakaanza kuimba. Nikaangalia sanduku lile la dhahabu likiyumba mabegani mwa wanaume, na nikawaza kwamba mle ndani kuna msichana aliyesema hapana akiwa peke yake malishoni, na binti yangu yuko peke yake nyumbani. Sikuwaza zaidi. Nikampa utepe mwanamke wa karibu.

"Unaumwa?" Padri Kossi akaniuliza akipita.

"Sina raha, Baba."

"Basi nenda," akasema, na akaendelea kuimba.

Nilipofika nyumbani, gari la kijivu lilikuwa uani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Baadaye Agathe aliniambia aliufungua mwenyewe, kwa sababu Régis alikuwa akiugonga kwa utaratibu bila kuacha, na alihofu mbuzi wangeshtuka. Fikra za ajabu humjia mtu.

Walikuwa pande mbili za meza. Régis amevaa shati jeupe. Alitabasamu aliponiona.

"Mama Solange. Nimekuja tuzungumze kama watu wazima."

"Agathe anataka kuzungumza?"

"Hajui anachotaka, hali aliyo nayo."

"Nimeshasema hapana," Agathe akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekwisha kurudia jambo mara nyingi. "Nimesema Lyon, nimesema kwa hakimu, nasema hapa."

Kwa hakimu. Sikuwa najua.

"Hili ni jambo la watu wawili, Mama," Régis akaniambia.

"Jikoni mwangu hakuna jambo la watu wawili."

Alizunguka meza. Hakukimbia, alitembea tu kama mtu anayefuata kofia yake, akamshika Agathe mkono pale pale, juu ya kiwiko. "Twende garini tuongee," akasema, bado kwa adabu.

"Niachie mkono," Agathe akasema.

"Usifanye vituko mbele ya mama yako."

"Niachie mkono."

Sijawahi kumpiga mtu na leo sikumpiga. Nilikwenda nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, nikakamata kidole cha kwanza, nikakifungua. Nimekamua mbuzi tangu nikiwa msichana. Vidole vyangu ni vibaya kutazama lakini vinajua kazi. Kidole cha pili. Alitazama mkono wake kana kwamba si wake. Cha tatu akasema naumia, nikasema najua. Kilipofunguka cha mwisho nikasimama katikati yao. Ananizidi kwa kichwa kizima.

"Agathe, mpigie Marcelin," nikasema.

"Nimeshampigia. Na polisi pia. Nilipiga kabla sijafungua mlango."

Hapo ndipo Régis alipopoteza sauti yake nzuri. Sitaandika aliyoyasema. Alimwita majina, mimi pia aliniita, na kila jina lilikuwa na maana moja tu. Akatoka akaingia garini. Lakini trekta ya Marcelin ilikuwa imesimama langoni kwa ubavu, yeye amekaa juu anatafuta kiberiti.

"Ondoa hilo dude," Régis akapiga kelele.

"Limeharibika."

"Limeharibika lini?"

"Sasa hivi. Nami nasikitika kama wewe."

Polisi wakamkuta hapo hapo. Amri ya mahakama inamkataza kumkaribia Agathe. Ilikuwa kwenye mkoba wake Agathe muda wote. Aliipata peke yake, akiwa na mimba ya miezi sita, huku mimi namwandikia kadi za kumuuliza Régis hajambo. Wamemchukua.

Jioni maandamano yalipita mbali, tukasikia nyimbo. Mvua haikunyesha.

Alhamisi, 1 Juni

Agathe amelala mchana kutwa. Marcelin ameleta kuku. Ameondoa trekta leo tu. Anasema alikuwa akisubiri kipuri.

Ijumaa, 2 Juni

Uchungu umemwanza alfajiri, kabla ya wakati wake. Nimeendesha hadi hospitali ya Bourges nimeshika usukani kama kamba ya fahali. Wamemwingiza. Mimi nimeruhusiwa kukaa naye.

Jumamosi, 3 Juni

Ni wa kike. Ni mdogo, mwekundu, na ana hasira. Wamemweka kwenye joto lakini anapumua mwenyewe. Mkunga anasema wa namna hii ndio wanaoishi, wale wanaolalamika.

Mvua imenyesha jana, kumbe. Sikuiona. Marcelin ameniambia kwenye simu kwamba imefika kwake, kwangu imegusa tu.

Jumapili, 4 Juni

Agathe ana homa kidogo na amekonda usoni. Nilikaa karibu naye. Mtoto hana jina bado. Kwenye kitambulisho cha mkononi wameandika jina la ukoo tu. Kwa kuwa nilikuwepo akizaliwa, mimi ndiye nitakayekwenda kumwandikisha.

Akasema, amefumba macho, "Mwite Solange kama unataka."

"Umesema nini?"

"Mwite Solange, Mama. Ulilitaka sana. Nimechoka kukataa. Kila mtu nimemkataa mwaka huu."

Hilo ndilo neno nililolingoja tangu Aprili. Nilishukuru, nikampangusa uso. Kisha nikakosa pa kukaa. Nikashuka ngazi, nikapanda. Nikanunua kahawa, sikuinywa. Kwenye korido kulikuwa na mwanamke anamtembeza mtoto wake, nikamwuliza anaitwa nani, akasema Capucine, na nikamwambia ni jina zuri, ingawa sikuwa namsikiliza.

Nilikuwa najiuliza kwa nini sifurahi. Ilinijia nikiwa dirishani. Kila mtu aliyemtaka Solange wa zamani alimtaka kwa sababu nzuri. Mwana wa mtawala alimpenda, hadithi inasema hivyo wazi. Alimbembeleza kwanza. Na mimi nimebembeleza tangu Aprili, kwa mkate wa viazi, kwa padri, kwa kunyamaza.

Jumanne, 6 Juni

Nimekwenda manispaa asubuhi. Kulikuwa na foleni. Karani ni msichana mwenye miwani mikubwa na kucha za kijani. Akanitaka cheti cha hospitali na kitambulisho changu.

"Solange," akasoma. "Bibi yangu pia. Linatokana na nini, unajua?"

"Kuna wanaosema jua na malaika. Kilatini wanasema ni ibada ya kila mwaka. Na kuna msichana mmoja wa huku aliyesema hapana."

"Lipi ndilo sahihi?"

"La msichana," nikasema.

Akaweka vidole juu ya kompyuta. "Haya. Mtoto anaitwa nani?"

"Lise."

"Na jina la pili? Wengi wanaweka la bibi."

"Hapana. Lise tu."

Nilirudi hospitali kwa miguu. Agathe alikuwa ameamka, homa imeshuka, mtoto yuko kifuani kwake. Aliniangalia nilivyoingia.

"Umemwandika?"

"Nimemwandika Lise."

"Lakini nilikubali, Mama."

"Hukukubali. Ulichoka."

Aligeuza uso akaangalia ukutani, na mabega yakatikisika, nikangoja. Alipomaliza akajifuta kwa shuka, akamtoa mtoto kifuani taratibu, akanikabidhi. Kisha akajilaza upande, akavuta magoti, na akalala usingizi mzito huku mimi nimemshika binti yake.